Siku Mbili Kabla ya Jembe

Ipo siku moja ya usichana wangu ambayo hunirudia kila ninapoona mtu anakunja nguo zake kimyakimya, na asubuhi hii, Elia, nimekuona ukizikunja zako. Ulidhani bibi yako amelala. Bibi wa umri wangu halali, mwanangu. Anafumba macho tu ili watoto wafanye mambo yao.

Wewe ni mjukuu, najua. Lakini nimekulea tangu huna meno, na sasa zamu ya kukosa meno imekuwa yangu, kwa hiyo acha nikuite mwanangu. Weka hilo begi chini. Vuta kigoda, kaa. Ukimaliza kunisikiliza na bado unataka kwenda, nenda, sitakushika shati.

Najua kilichokuumiza. Ni ule mkutano wa mtaa, walipokuja kuzungumzia kaya zinazopata ruzuku ya serikali. Lilipotajwa jina langu, jirani yetu mwenye duka la nafaka alisimama, akaweka kofia yake vizuri, akasema, "Bibi huyu tunamheshimu, lakini ana mjukuu msomi, kijana ana misuli, anakula na kulala pale. Serikali iwalishe kwa nini?" Kisha akamalizia kwa methali, kama wanavyofanya watu wanaotaka mazungumzo yaishe: "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Watu wakacheka. Ikakubaliwa kwamba watakuja kuhakiki nyumba yetu.

Wewe hukucheka. Ulitazama vidole vya miguu yako mpaka mkutano ukafungwa. Tangu siku hiyo kila jioni unaniambia umeshiba. Umeshiba nini, Elia, wakati sufuria naipakua mimi? Na sasa umeamua ukalale kwa rafiki yako kule Miyuji, ili wakija wanikute peke yangu, kizee asiye na mtu, wasinifute kwenye orodha. Umewaza kwa upendo, nalijua hilo, na ndiyo maana nimeamka kabla sijataka kuamka.

Methali ile ninaifahamu. Ninaifahamu kuliko yule bwana, kwa sababu mimi niliiona ikipita ndani ya nyumba yetu kwa miguu yake.

Kwetu ni upande wa Mlali, kule Kongwa. Wakati huo nilikuwa msichana wa kuanza kuulizwaulizwa na wachumba. Mvua ya msimu uliopita ilikuwa imekata mapema, na majirani wengi walikuwa wamepanda mahindi, maana mahindi yalikuwa ndiyo fahari ya mjini. Mama yangu, mbishi kama mimi, alipanda uwele. Uwele hauna mbwembwe, lakini unavumilia jua. Basi palipofika miezi ya palizi, ile miezi ambayo shamba ni la kijani na jungu ni tupu, kihenge chetu bado kilikuwa na kitu ndani wakati vya wenzetu vilishafagiliwa.

Njaa ikiingia siku zile, watu walikwenda kuhemea. Mtu alitoka kwake na gunia tupu, akatembea mpaka kwa watu waliovuna, akawasaidia kulima, akarudi kwake na nafaka. Haikuwa kuomba, na hakuna aliyeiita kuomba. Leo watu wa Dodoma tumetaniwa ombaomba nchi nzima mpaka wengine wetu tumeanza kujitania wenyewe, na mimi utani huo haunichekeshi hata kidogo.

Kuhemea kulikuwa na adabu yake, na sehemu kubwa ya adabu hiyo ilikuwa juu ya mwenyeji. Mgeni akifika haulizwi shida. Gunia lililokunjwa kwapani limeshasema. Anapewa uji, anapewa mahali pa kulala, na mwenyeji hamtajii kazi. Majembe yanaegemezwa nje ukutani, kila mtu anayaona. Siku nguvu zikimrudia, mgeni anasimama mwenyewe mbele ya ukuta ule na kuuliza, "Jembe langu ni lipi?" Akishauliza hivyo basi, ameshakuwa mtu wa nyumba ile. Atalima nanyi, atakula nanyi, na atakapoondoka na gunia lake kichwani shingo itakuwa imenyooka. Nilikuwa nalipenda sana swali lile. Watu wazima walikuwa wakiliuliza kwa sauti ya chini kidogo, nusu aibu, nusu furaha, na mama alikuwa akiacha chochote alichokuwa akifanya ili awajibu yeye.

Jioni moja akaja Bwana Hamisi. Alitoka mbali, upande wa Chemba, Msandawe kwa kabila. Kiswahili kwake kilikuwa lugha ya pili kama kilivyokuwa kwetu, na alipojisemea peke yake kwa lugha ya kwao, yenye zile sauti za kidoko, nilikuwa najisogeza karibu nisikilize, nikijifanya napepeta. Baba alimwamkia kwa lugha yetu, "Mbukwenyi", yeye akajibu "Mbukwa" kwa kuchapia, wote wawili wakacheka. Halafu akakaa, na alipokaa nikaona magoti yake ni makubwa kuliko mapaja. Nyumbani alikuwa amemwacha mke na watoto wakichemsha majani.

Mama hakumpa ugali. Alimpa uji mwepesi wa uwele, kidogo, akamwongeza baadaye kidogo tena. "Tumbo lililokaa tupu ni kama ndama mchanga," aliniambia jikoni, "halikimbizwi." Siku ya kwanza mgeni alikunywa akalala. Siku ya pili alikunywa akalala, ila jioni nilimwona amekaa akitazama majembe, kama mtu anayetazama mlima.

Sasa, nilikuwa na kaka yangu, Mika. Huyu ndiye yule babu aliyekuwa akikuletea karanga ukiwa mdogo, mpole ajabu, hukuwahi kumsikia akimfokea hata kuku. Mika wa siku zile alikuwa mwingine. Alikuwa na nguvu za kuangusha dume, na ulimi wa kuangusha watu. Yeye na vijana wenzake kijijini walikuwa na mchezo wa kuwataja waliokuja kuhemea: yule mvivu, huyu mla bure, yule amekuja kunenepa. Si kwamba alikuwa na roho mbaya. Hakuwahi kulala njaa, hilo tu. Nyumba usiyolala ndani hujui ila yake.

Asubuhi ya siku ya tatu baba alikuwa ametoka na mbuzi kwenda mnadani, mama yuko kisimani. Bwana Hamisi amekaa ukutani na bakuli lake. Mika akachomoa jembe, akalitupa chini miguuni pake.

"Mzee, methali unaijua," akasema. "Leo siku ya tatu."

Yule mtu alilitazama lile jembe. Kisha akaliweka bakuli chini, uji ukiwa nusu, akasema, "Sawa, mwanangu," akaliokota na kumfuata.

Niliwaona wakilima. Hamisi alijitahidi kwenda sambamba na Mika, na Mika akawa anaongeza mwendo. Jua lilipofika utosini nilipeleka maji kwenye kibuyu, na kabla sijawafikia nikaona mgeni amepiga magoti. Nilidhani anang'oa gugu. Kisha akaegemea mbele taratibu, uso ukaingia kwenye udongo, katikati ya uwele.

"Inuka, mzee, usituigizie," Mika akasema. Lakini sauti yake ilikuwa imeshabadilika. Tulimbeba wawili, mimi miguu, yeye mabega, na nakuambia Elia, hakuwa mzito. Hicho ndicho kilichonitisha zaidi.

Baba aliporudi jioni alikuta mgeni amelazwa ndani, amefunikwa, na jembe limelala mlangoni. Hakufoka. Baba yangu akikasirika alishusha sauti, na siku ile ilibidi tusogee ili tumsikie.

"Nani amempa mgeni jembe?"

"Mimi, baba," Mika akasema. "Ilikuwa siku ya tatu. Ninyi wazee ndio mmesema."

"Tumesema," baba akajibu. "Siku mbili maana yake ni mpaka nguvu zimrudie, nawe umeziruka ukaanzia mwisho. Hukumwacha hata amalize uji." Akaliokota lile jembe mlangoni. "Haya, tutaijaribu methali kwa namna yako. Kesho huli. Keshokutwa huli. Siku ya tatu nitakupa jembe."

Mama akaanza kulia. Mgeni mwenyewe aliinuka kwenye ngozi aliyolalia, akaja mlangoni akijishikiza ukutani. "Mzee, mtoto ni mtoto. Msamehe. Mimi nimeshamsamehe."

"Sina hasira naye," baba akasema. "Ningekuwa na hasira ningemchapa, yangekwisha. Nataka aijue njaa angali na baba wa kuikatiza."

Mwanangu, sisifii kila alichofanya baba. Wazee wa zamani walikuwa na njia zao, na nyingine nisingezirudia. Nakusimulia ilivyokuwa.

Siku ya kwanza Mika alipiga miluzi. Alikata kuni, alibeba maji, alitaka tuone kwamba hajali. Siku ya pili miluzi ilikwisha. Alasiri alikwenda akakaa ukutani, palepale alipokuwa amekaa mgeni, na nilipomtazama nikaona anayatazama majembe kwa macho yale yale. Mimi ndiye niliyekuwa napika. Kusonga ugali kaka yako akiwa na njaa nje ya mlango ni adhabu pia, na nililia nikisingizia moshi. Bwana Hamisi yeye alikuwa anapata nguvu. Alikula, lakini alikula akiupa mlango mgongo.

Siku ya tatu baba alimpa jembe. Mika alikwenda shambani akitembea kama mtu anayevuka mto, akainama, akalima. Mistari miwili hivi alikwenda vizuri, kwa kiburi tu. Kisha jembe likaanza kupiga pembeni, likapiga mche wa uwele badala ya gugu, akasimama, akatikisa kichwa, akakaa chini. Alikaa hivyo na jembe mapajani, yule Mika wetu wa kuangusha madume.

Baba alimwendea. Nilimjua baba, alikuwa ameandaa maneno, tena mengi. Lakini kabla hajafungua kinywa, Bwana Hamisi alimpita akiwa na bakuli la uji mikononi. Sikumwona alipolichukua jikoni. Akachuchumaa mbele ya Mika, akamshika kisogo kama unavyomshika mtoto mchanga.

"Kula kwanza, mwanangu," akasema. "Polepole. Usikimbize."

Mika akanywa. Machozi yalikuwa yanadondokea kwenye uji, naye anayanywa hayohayo. Bakuli likaisha. Ndipo Hamisi akasimama, akajikung'uta magoti, akamgeukia baba, akauliza kwa sauti ya chini, nusu aibu, nusu furaha:

"Mzee, jembe langu ni lipi?"

Baba alionyesha kwa kidevu tu lile jembe lililokuwa mapajani mwa mwanawe. Hamisi akalichukua, akaanza kulima kuanzia pale Mika alipoachia. Maneno yote ambayo baba alikuwa ameyaandaa yalibaki tumboni mwake mpaka siku tulipomzika.

Hamisi alikaa nasi mpaka palizi ikaisha. Alipoondoka, gunia lilikuwa limejaa, na Mika mwenyewe alilipakia juu ya punda wetu, akamsindikiza mpaka akaunga njia kubwa ya kwenda Dodoma. Hatukumwona tena. Sijui kama aliwakuta watoto wake wote. Nimezeeka nikijiuliza. Mika ndiye akawa yule uliyemjua, na mtu akiitaja methali ile mbele yake, aliuliza jambo moja tu: "Hizo siku mbili umempa?"

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipokuwa nakuja.

Yule jirani wa duka simchukii, na wewe usimchukie. Amehangaika, alianza kwa kutembeza maharage kwa kisado, na mtu aliyehangaika mara nyingi huogopa kumtazama anayehangaika, asije akajiona. Lakini nilitaka kumuuliza pale mkutanoni, na ni heshima tu iliyonizuia: mbolea anayoweka kwenye shamba lake si ya ruzuku hiyohiyo ya serikali? Hakuna aliyemwita mvivu kwa hiyo. Ruzuku ikiingia shambani kwa mwenye shamba tunapiga makofi, ikiingia kwenye sufuria ya kizee tunaitisha mkutano. Haya, nimesema, nimepunguza.

Uvivu upo, sikufichi. Wapo watu ambao ukuta ungejaa majembe wasingeuliza hata moja, na ukija kuwa hivyo mimi mwenyewe nitakunyima mboga. Kazi ni heshima ya mtu. Ila mvivu hutamjua kwa kumwona amekaa, kwa sababu mgonjwa naye hukaa, na mwenye njaa hukaa, na aliyefungiwa milango yote naye mwisho hukaa. Utamjua kwa kuishi naye. Wewe nimeishi nawe. Swali la Bwana Hamisi umeliuliza kwenye kila ofisi ya mji huu, na viatu vyako vimekwisha visigino kwa kuliuliza. Umeliuliza kwenye nyumba zinazojengwa hapa Mkonze, wakakuambia msomi hataweza zege. Mtu aliyeuliza jembe lake ni lipi asijibiwe, aibu si yake. Methali inasema mpe. Waliocheka pale mkutanoni, nani kati yao alikuja na jembe?

Na hayo unayoyafanya hapa, nani anayaita kazi? Maji unachota wewe. Bati lilipong'olewa na upepo ulipanda wewe. Mwaka ule nilipoumwa ulinibeba mgongoni mpaka hospitali, ukiniita mchumba njia nzima ili nisahau maumivu. Hakuna anayelipa kwa hayo, basi watu wanaona unakula na kulala.

Siku yako itakuja, na ninaomba niione. Utakuwa na mshahara, utakuwa na kofia ya kuweka vizuri kabla ya kusema. Siku hiyo utasimama kwenye mkutano na mtu atatajwa mbele yenu kama nilivyotajwa mimi. Usianzie mwisho, mwanangu. Kabla hujamuuliza mtu kwa nini halimi, muulize kama amekula. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Na ukishampa chakula, usiishie hapo, maana chakula pekee nacho humchosha mtu. Mtafutie jembe, kisha mwache alidai mwenyewe.

Wenye kuhakiki waje. Wakiona nyumba hii haistahili, wataifuta. Ruzuku ile imenisaidia unga na dawa, sitajifanya haitaniuma. Lakini niliishi kabla yake, na uwele bado unaota. Wasiyeweza kunirudishia ni wewe, ukishajifunza kuwa mgeni kwa watu kwa sababu ya bibi yako.

Maana hapo ndipo yule jirani alipokosea, na wewe umekosea pamoja naye. Ile methali ni ya mgeni. Wewe si mgeni, Elia. Hapa ni kwenu, na kwenu mtu hahesabiwi siku. Wakija, wakukute umekaa papo hapo ulipo, na wakiuliza huyu ni nani, nitawajibu ni mwenye nyumba.

Mungu wa baba yangu na akupe jembe kabla sijafumba macho ya kweli. Likichelewa, akupe moyo wa kulisubiri bila kujichukia, na akupe watu wa kulisubiri nawe. Mikono yako isikose kazi, na mlango wako, siku utakapokuwa na wako, usikose mgeni.

Haya, zirudishe nguo kwenye kamba, zisije zikakunjamana bure. Uji wa uwele uko jikoni, nimeufunika. Lete na bakuli langu, tunywe wote.

Kula kwanza, mwanangu. Polepole.